Barua kutoka Kolwezi: Gibson hakuulizwa

Kwa Mjomba, na kwa wana kijiwe wote wa barabara ya tisa, Ngamiani, Tanga.

  Najua siku hizi barua haziandikwi. Ningeweza kuwatumia sauti kwenye simu kama watu wengine, lakini sauti Mjomba huisikiliza dakika mbili, kisha anaizima na kuanza kusimulia yeye. Barua angalau itasomwa na Mwalimu mstaafu, na Mwalimu akishika karatasi hakuna wa kumkatiza.

Kwanza nijibu maswali yenu. Ndiyo, Kolwezi kuna shaba. Hapana, haiokotwi barabarani. Na ile hoja ya Shemeji kwamba nikirudi nisikose "hata kipande cha kumbukumbu", naomba aelewe hali ilivyo. Shaba ninayoishughulikia mimi imeshayeyushwa kwa asidi, imenaswa kwa umeme, imekuwa mabamba; mabamba yamefungwa mabunda, na bunda moja lina tani mbili na ushee. Mabunda yamepakiwa kwenye lori, juu yake turubai, juu ya turubai kamba, juu ya kamba lakiri, na juu ya lakiri makaratasi. Kazi yangu ni hayo makaratasi. Nikishayakamilisha naisindikiza shaba kwa macho hadi getini, ianze safari yake ya zaidi ya kilomita 2,000: Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia ya kukatiza, Tunduma, mpaka bandarini Dar es Salaam. Naiona shaba kama karani wa benki anavyoziona noti: nyingi, za kweli, na si zake.

Kuhusu lugha, niliondoka Tanga nikijua naenda nchi wanayozungumza Kiswahili, nikajisemea hapo nitakuwa mfalme. Jioni ya kwanza mhudumu wa hoteli akaniinamia kwa adabu akaniuliza, "Simba ao Tembo?" Nikadhani ni mambo ya mpira. Nikamjibu kwa fahari, "Coastal Union." Kijana akaenda kutafuta kaunta nzima, akarudi kuniambia imekwisha. Kumbe ni bia, zote mbili. Mnavyonijua, nikabaki na soda yangu.

Ugali huku ni bukari, kisamvu ni sombe, na "ndio" imekatwa ikawa "njo". Watoto wa mtaani wakinisikia nasema "tafadhali naomba kupita" wanaketi chini kwa kicheko. Wanasema naongea Kiswahili bora, na jinsi wanavyolitamka hilo "bora" mtu anajua hajasifiwa. Kubwa kuliko yote ni mlinzi wetu wa usiku. Siku ya kwanza aliniita "Yaya". Niliwaka. Mimi mwanamume wa miaka 45, sijamlea mtoto wa mtu hata siku moja! Ilibidi mama mwenye nyumba atoke na kanga yake kuja kunieleza kwamba yaya huku ni kaka mkubwa, tena ni heshima. Tangu hapo mimi ni Yaya, na nawaomba mlifiche hilo kwa mke wangu.

Sasa nije kwenye habari yenyewe iliyonifanya nishike kalamu, nayo ni habari ya kadi.

Ndugu zangu, huku maisha ni kadi. Kuna kadi ya manjano ya chanjo, ambayo usipokuwa nayo mpakani utajutia kuzaliwa. Kuna kadi ya ukaazi. Yangu iliwahi kupotelea ndani ya ofisi moja, mezani pa bwana mmoja, mbele ya macho yangu, na nikalipia kutafutiwa. Kuna beji ya kuingilia mgodini, yenye picha inayonifanya nionekane nimekamatwa. Hata mlinzi wetu ana yake. Zamani alikuwa mchimbaji mdogo, creuseur kama wanavyojiita kwa Kifaransa, na sheria ya madini ya huku humtaka mchimbaji mdogo awe na kadi. Yake imekwisha muda siku nyingi lakini hatengani nayo. Kwa hiyo niliposikia kwamba mpangaji mpya wa chumba cha mwisho, mzee mmoja Mmarekani fundi wa pampu za maji ya migodini, ana kadi mia tano chumbani, nilimhurumia. Nikasema huyu wamemtesa kuliko sisi sote.

Kumbe ni za mchezo.

Mchezo unaitwa Strat-O-Matic. Ni besiboli ya mezani. Mwalimu, hapa tua kidogo uwaeleze besiboli ni kitu gani. Waambie ni rede na mbio za vijiti zilizooana zikazaa mtoto mkaidi. Mtu mmoja, mrushaji, anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kurusha mpira kwa nguvu zake zote. Mwenzake, mpigaji, anausubiri na rungu. Akiukosa mara tatu anarudi kuketi. Hiyo ni straikauti. Akiupiga ukaanguka pazuri anakimbia vituo, na akivizunguka vinne akarudi alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Akiupiga ukatoka nje ya uwanja ni homurani, anazunguka taratibu huku anapunga mkono kama mgombea. Kila timu inapata zamu tisa. Ndiyo, Mjomba, ni mchezo wa kutwa nzima. Nawe drafti moja na Fundi wa baiskeli mmeicheza tangu adhuhuri hadi isha, usicheke.

Aliyeubuni mchezo wa mezani ni mtu wa New York aitwaye Hal Richman. Akiwa mtoto wa miaka 11 alikuwa anarusha dadu na kuandika zinavyoanguka, mpaka akajua nambari ipi hutoka mara ngapi. Alipokua akaanza kuuza mchezo wake mwaka 1961, ukamtia hasara, akamwendea baba yake kumkopa dola 5,000 kwa sharti moja: mchezo ukifa, anakwenda kufanya kazi kwenye ofisi ya bima ya baba. Haukufa. Hakuna kinachompa mtu akili ya biashara kama hofu ya kuajiriwa na baba yake.

Ujanja wake ni huu. Kila mchezaji wa kweli, kwa mwaka fulani wa kweli, ana kadi yake. Yote aliyoyafanya mwaka ule yamegeuzwa kuwa safu tatu za nambari, kuanzia 2 hadi 12. Mpigaji ana safu ya 1, ya 2 na ya 3. Mrushaji ana safu ya 4, ya 5 na ya 6. Unarusha dadu tatu kwa pamoja, moja nyeupe na mbili za rangi nyingine. Nyeupe inakuambia usome safu ipi, zile mbili unazijumlisha upate mstari. Kwa hiyo nyeupe ikitoka 1, 2 au 3, unasoma kadi ya mpigaji. Ikitoka 4, 5 au 6, unasoma ya mrushaji. Lishikeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniletea hekima, nami hekima siipati mara kwa mara.

Mzee ni mtu wa Missouri, na katika kadi zake zote kuna moja haikai na wenzake. Ina mfuko wake wa nailoni. Akiitoa anafuta kwanza mikono kwenye suruali. Ni ya Bob Gibson wa timu ya St. Louis Cardinals, mwaka 1968.

Nimeitazama kwa karibu, chini ya taa ya kuchaji, maana umeme ulikuwa umekatika. Ni kipande cha karatasi ngumu, kikubwa kidogo kuliko karata ya kuchezea, pembe moja imeliwa. Hakina picha. Safu tatu za maandishi madogo, na ukiteremsha kidole unakutana na neno lilelile: straikauti, straikauti, mpira wa chini umeokotwa, umedakwa, straikauti. Kinachomfaa mpigaji inabidi ukitafute kama nyama kwenye sambusa za stendi.

Mwaka ule Gibson aliwaachia wapinzani wastani wa pointi 1.12 kwa kila zamu tisa. Aliwatoa watu 268 kwa straikauti. Michezo 13 aliimaliza peke yake bila kuruhusu hata pointi moja. Tarehe 2 Oktoba 1968, kwenye fainali dhidi ya Detroit, aliwatoa 17 katika mchezo mmoja. Na huyu, wana kijiwe, alizaliwa Omaha mwaka 1935, baba yake ameshafariki kabla hajauona uso wa mwanawe, akakua mgonjwa mgonjwa, na kabla ya kutulia kwenye besiboli alipita kwenye mpira wa kikapu na Harlem Globetrotters. Mwaka 1967 mpira uliopigwa na Roberto Clemente ulimvunja mguu, na kabla ya kuanguka aliendelea kurusha. Septemba ya mwaka uleule akarudi uwanjani, na Oktoba akashinda michezo mitatu ya fainali.

Mlinzi wetu alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake, anasikiliza ninavyomtafsiria.

"Alivunjikaka muguu, akaendelea kurusha?"

"Eeh."

"Basi ule njo muntu," akasema, na akavuta kiti bila kukaribishwa.

Tangu usiku huo tukawa watatu. Mzee alitoa Cardinals ya mwaka 1968 ikawa yake. Mlinzi akapewa San Francisco Giants ya mwaka huohuo. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa makaratasi, nikapewa kuandika matokeo. Mzee na mlinzi hawana lugha moja wanayoielewa wote wawili, ila dadu zikianguka wanaguna kwa sauti moja.

Mlinzi akaanza kuchagua watu wake. Giants walikuwa na Willie Mays na Willie McCovey, majabari wawili ambao mzee aliwataja kwa kushusha sauti kama anataja madeni. Mlinzi akawapokea kwa heshima. Lakini aliyemshika moyo ni mtu mwingine kabisa, Ron Hunt. Huyu Hunt hakuwa jabari. Sifa yake, nilipoitafsiri, nilidhani nimekosea: alikuwa bingwa wa kugongwa na mpira. Sheria inasema mrushaji akikugonga mwilini unapewa kituo cha kwanza bure. Basi Hunt alikuwa anasimama karibu, hakwepi, anagongwa, anajipangusa, anakwenda kituoni. Mwaka 1971 aligongwa mara 50 katika msimu mmoja.

Mlinzi alikaa kimya, akajishika bega. Bega lile liliwahi kuangukiwa na jiwe shimoni. Akasema, "Anapigwaka, anaendaka mbele. Njo vile sisi." Akamweka Hunt awe wa kwanza kupiga.

Wakaanza. Usiku wa kwanza Gibson akamshinda mlinzi tatu kwa bila. Wa pili, moja kwa bila. Wa tatu, tano kwa moja, na ile moja tuliila sikukuu. Nikaanza kumwonea huruma. Dadu nyeupe ikitoka 4 kwenda juu, mzee hata haangalii kadi, amekwisha kuikariri: straikauti. Mlinzi alijaribu kila dawa. Alitemea dadu pumzi. Alizirusha kwa mkono wa kushoto. Usiku mmoja alizisugua na jiwe la kijani la malakaiti analotembea nalo mfukoni, akapigwa nne kwa bila.

Nikamuuliza mzee kama kadi hii ina dawa. Akanionyesha herufi moja, X. Imo humohumo kwenye kadi ya Gibson, mahali pachache. Ukiangukia hapo, kadi inanyoosha mikono, inakwambia matokeo hayapo hapa, nenda kamuulize mdakaji. Kila mdakaji ana alama yake, 1 kwa hodari mpaka 5 kwa goigoi, na dadu ya pande ishirini inaamua kama ameudaka au umemponyoka. Mzee akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba, kwamba mchezo wa saba wa fainali ile ya 1968, tarehe 10 Oktoba, Gibson alikuwa kichuguuni na hakuna aliyefunga mpaka zamu ya saba. Mpira ukapigwa kwenda kwa Curt Flood, mdakaji aliyekuwa akichukua tuzo ya udakaji kila mwaka tangu 1963. Flood akapiga hatua mbele, akagundua ameukadiria vibaya, akageuka, akateleza. Watu wawili wakaingia. Detroit wakashinda nne kwa moja, wakachukua ubingwa. Mrushaji bora wa mwaka, na mdakaji bora wa mwaka, na nyasi zilizokuwa na utelezi.

Ukafika usiku wa tisa. Julai ya Kolwezi, Mjomba, si mzaha: mchana vumbi jekundu, usiku baridi ya kuvaa koti juu ya koti. Mlinzi amejifunga blanketi, mzee amevaa soksi mbili. Bila kwa bila mpaka zamu ya tisa, nusu ya pili. Gibson ameshawatoa watu kumi na moja kwa straikauti, nimeandika mwenyewe. Kadi yake iko chini ya taa, imetulia.

Akaja Ron Hunt. Mlinzi akarusha. Nyeupe ikasema 2: kadi ya Hunt. Kidole kikateremka: anatembezwa bure hadi kituo cha kwanza.

Akaja Willie Mays. Nyeupe ikasema 1: kadi ya Mays. Ameupiga, ameingia kituoni, na Hunt amekimbia hadi cha tatu.

Akaja McCovey. Mzee ameegemeza mikono yote miwili mezani. Nyeupe ikasema 3. Kadi ya McCovey: mpira mrefu, juu, kulia, umedakwa. Mzee akashangilia nusu, akanyamaza. Mpira mrefu hata ukidakwa, aliyeko kituo cha tatu anaruhusiwa kukimbilia nyumbani. Na aliyeko kituo cha tatu ni yule bwana wa kugongwa. Moja kwa bila. Mchezo umekwisha.

Mlinzi hakuruka. Alinyoosha kidole kwenye daftari langu, akaniambia nimsomee tena zile nambari za dadu nyeupe. Nikasoma: mbili, moja, tatu. Akaitazama kadi ya Gibson pale ilipolala chini ya taa, na safu zake tatu zinazotisha.

"Yaya," akasema polepole, "Bob hawakumuuliza."

Nikakaa sawa. Ilikuwa kweli. Katika zamu iliyomfunga, Gibson hakuulizwa hata mara moja. Kadi bora kuliko zote duniani, na nusu ya wakati haisomwi. Inasomwa ya mwenzako.

Nikamtafsiria mzee. Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema hivi: tarehe 17 Septemba 1968, San Francisco, Gibson alipoteza mchezo moja kwa bila. Mrushaji wa upande wa pili, Gaylord Perry, siku hiyo hakumpa mtu wa St. Louis hata pigo moja la kituoni. Na ile pointi moja iliingia mapema, kwa homurani, nayo ilipigwa na nani? Ron Hunt. Mzee alikuwa mtoto wa miaka tisa, redio chini ya shuka, na alilia. Mwaka ule wote wa maajabu, Gibson alishinda michezo 22 na kupoteza 9. Tisa! Unawaruhusu watu pointi moja na kitu, na bado unarudi nyumbani umeshindwa, kwa sababu wenzako wenye marungu hawakupata chochote.

Mlinzi hilo la Hunt lilimfurahisha kuliko ushindi wake. Lakini lililomchekesha ni la mwisho. Mzee alieleza kwamba baada ya mwaka ule wakuu wa besiboli waliona warushaji wamezidi. Wakatoa amri: kuanzia 1969 kichuguu kipunguzwe, kutoka inchi 15 mpaka inchi 10, na eneo la kulenga nalo likabanwa. Inchi tano za udongo, hasa kwa ajili ya watu kama huyu mmoja.

Hapa inabidi niwaeleze mahali nilipo ndipo mpate utamu. Huku Katanga ya zamani vichuguu vya mchwa si vile vya kwetu vya kujikwaa. Ni vikubwa kuliko nyumba, miti inaota juu yake, na watu huvikata wakafyatua matofali. Na milima, milima ya Kolwezi imegeuzwa kuwa mashimo. Unasimama ukingoni unaona malori makubwa chini kama siafu. Kilichotolewa shimoni kimemwagwa kando kikawa mlima mwingine, usio na jina. Katika mtaa wa Kasulo, kuanzia mwaka 2014, watu walitafuta kobalti mpaka chini ya vyumba vyao vya kulala. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hii, na betri ya simu ambayo Mjomba anaizimia sauti zangu huenda ina chembe yake.

Basi mlinzi akasikia habari ya inchi tano, akajifunika blanketi vizuri, akasema: "Kwao bamekata kichuguu juu ya Bob mumoja. Kwetu bamekataka milima yote, na hakuna mwenye alirushaka hata mupira."

Sikumtafsiria mzee. Alikuwa ameshaelewa kwa namna fulani, maana alirudisha kadi kwenye mfuko wake wa nailoni taratibu, bila kusema neno.

Sasa ndugu zangu, naomba tuelewane. Nyinyi hapo kijiweni mmenikatia kadi ya Gibson. Mnasema yuko Kolwezi, kwenye shaba, mshahara wa dola, huyo kila anachorusha ni straikauti. Nami sikatai kwamba kadi yangu si mbaya. Makaratasi yangu ni safi, lakiri zangu hazina mkwaruzo. Lakini hamwoni dadu nyeupe. Mwezi uliopita malori sita yalitoka kwangu yakiwa hayana dosari. Yakafika kwenye foleni ya mpaka, yakalala siku, yakalala wiki. Dereva mmoja amenipigia kuniambia ameanza kufuga kuku chini ya tela. Mteja analalamika kwangu, tajiri ananiuliza mimi, na nikitazama kadi yangu nakuta sikuulizwa. Ilisomwa ya forodha. Ilisomwa ya mvua ya mwaka jana iliyokula daraja. Ilisomwa ya bwana mmoja aliyekuwa na muhuri, akaenda nao kwenye harusi.

Juzi mlinzi kaniita kibandani kwake getini. Amekata boksi la sabuni, amechora kadi yake mwenyewe. Nyuma ameibandika na ile kadi yake ya uchimbaji iliyokwisha muda, ili iwe ngumu. Amepiga mistari kwa kalamu ya bluu, safu tatu, 2 mpaka 12, mwandiko wa mtu aliyesomeshwa na masista. Nikaisoma yote. Kwenye 2 ameandika "jiwe". Kwenye 3 "mvua". Kwenye 4 "polisi". Mahali pawili ameandika "bule", maana yake hujapata kitu. Kwenye 6 ya safu ya pili yumo mama yake, hajaeleza anafanya nini. Chini kabisa, kwenye 12 ya safu ya tatu, ambayo mpaka dadu mbili zote zitoke sita ndipo uifikie, ameandika kwa herufi kubwa HOMURANI, kisha akaikoleza mara mbili.

Nikaona kwenye mstari wa 7, katika safu zote tatu, kuna neno moja tu: "kungoya". Ndiyo kungoja, kwa lugha yao.

Nikamuuliza kwa nini ameiweka saba.

Akaniangalia kama mimi ndiye nisiyekwenda shule. "Juu saba njo inatokaka mingi, Yaya."

Hal Richman alihitaji kurusha dadu utoto wake mzima kuligundua hilo. Huyu alikaa miezi miwili na sisi, na miaka shimoni.

Naomba na nyinyi mchore kadi zenu mniletee kwa dereva yeyote anayepanda huku. Ya Mjomba nataka kuiona kwa macho yangu, na asijipendelee: kwenye nambari inayotoka mara nyingi aandike "kusimulia". Ya Fundi wa baiskeli iwe na "njoo kesho" safu nzima. Ya Shemeji mmwachie nafasi ya X, ili makosa yakitokea aseme ni ya mdakaji. Mwalimu azikague tahajia. Mzee wa Missouri anamaliza mkataba wake Desemba, na ameniahidi kuniachia dadu tatu, ingawa kadi ya Gibson anaondoka nayo, na sikumlaumu.

Nisiwachoshe. Wasalimieni wote wanaonijua na wanaonidai. Mimi hapa naishia, kalamu imeishiwa wino na bukari imeshapoa mezani.

Wenu, Yaya (msimsomee mke wangu hapa).

Tanbihi: Mjomba, kuhusu ile laki mbili uliyoniomba ya kuezeka banda la kahawa. Nimeifikiria kwa moyo mmoja, nikaketi na mlinzi, nikarusha dadu kwa haki mbele ya shahidi. Imetoka saba.